Hofu ya mezani: kwa nini mchezo mmoja unatisha na mwingine unachekesha

Wachezaji wanne na msimulizi wameizunguka meza, taa imepunguzwa, na msimulizi anasema kwa sauti nzito: “Mlango unafunguka wenyewe. Ndani kuna kitu kinapumua.” Mmoja wao anajibu, “Namkaribisha chai.” Wote wanacheka, na usiku wa kutisha umekwisha kabla haujaanza. Aliyewahi kuwaandalia rafiki zake mchezo wa uhusika wa Halloween, usiku wa kutishana wa tarehe 31 Oktoba, anaijua hali hiyo, na kwa kawaida lawama humwangukia yule mwenye utani. Mimi nadhani anaonewa. Mara nyingi tatizo liko kwenye kanuni za mchezo uliochaguliwa, kwa sababu hazikumpa huyo ndugu kitu chochote cha kupoteza.

Tuanze na wasioufahamu mchezo wenyewe. Katika mchezo wa uhusika wa mezani, kila mchezaji ana mhusika wake mmoja, na msimulizi anabeba kilichobaki chote: mji, mvua, majirani, maiti. Mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, msimulizi anaeleza kilichotokea, na pale ambapo matokeo yana shaka, dadu huamua. Hakuna mshindi. Mkimaliza, mmetunga kisa kwa pamoja, na hakuna hata mmoja wenu aliyejua mwanzoni kingeishia wapi.

Michezo ya namna hii ilianza kuchapishwa Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Asili yake ni michezo ya vita, na alama ya asili hiyo bado inaonekana. Mhusika ana alama za uhai. Akipigwa zinapungua, akilala zinarudi, na kadiri anavyoua majitu ndivyo anavyozidi kuwa na nguvu. Mchezo uliojengwa hivyo humfundisha mchezaji kulikimbilia jitu, si kulikimbia. Unaweza kulielezea joka kwa maneno ya kuogofya kiasi gani, lakini mtu mwenye alama 80 za uhai anajua kabisa kwamba pigo la alama 12 halimtoi roho.

Waliogundua udhaifu huo mapema ni mke na mume, Laura na Tracy Hickman. Walitaka mnyonya damu anayetisha kweli, si jitu jingine la kukaa chumbani likisubiri kuuawa, wakawa wanakijaribu kisa chao na wachezaji kila Halloween kwa miaka mitano. Mwaka 1983 kikachapishwa kwa jina la Ravenloft. Ujanja wao ulikuwa wa aina mbili. Kwanza, Strahd, mnyonya damu huyo na bwana wa ngome ya Ravenloft, ana malengo yake na anawafuata wachezaji mwenyewe. Pili, mahali zilipo silaha za kumshinda panaamuliwa kwa karata zinazofunuliwa mezani, kwa hiyo hata aliyekwisha kukicheza hawezi kuwa na uhakika. Kisa hicho kilipanuliwa na kutolewa upya mwaka 2016, na bado kinapendwa. Hata hivyo, chini ya joho jeusi ni Dungeons & Dragons ileile: ikifika saa sita usiku, mnapigana.

Kwa hiyo ukipewa mchezo wowote unaojiita wa kutisha, usianze kwa kuangalia picha ya jitu kwenye jalada. Uliza kitu gani kinapungua wakati mnacheza, na kama wachezaji wanakiona kikipungua. Michezo mitatu imelijibu swali hilo kwa namna ambazo hazifanani hata kidogo.

Akili inayohesabiwa

Mwaka 1981 kampuni ya Chaosium ilitoa Call of Cthulhu, kazi ya Sandy Petersen, iliyotokana na hadithi za H.P. Lovecraft, mwandishi wa Marekani aliyeishi kati ya 1890 na 1937. Wahusika wake ni watu wa kawaida wa miaka ya 1920: mwandishi wa gazeti, mkutubi, daktari, mpelelezi wa kujitegemea. Wanafuatilia kifo au mtu aliyepotea, na polepole wanagundua kwamba dunia ina wenyeji wa kale kuliko binadamu ambao hawana habari naye.

Petersen aliongeza hesabu ambayo haikuwa ya kawaida wakati ule: alama za akili timamu. Katika toleo la sasa unaanza na alama kati ya 15 na 90, na wengi huangukia hamsini na kitu. Ukikutana na jambo la kutisha, unarusha dadu mbili za pande kumi zinazosomwa kama asilimia. Ukipata namba isiyozidi akili uliyo nayo, umejikaza na unapoteza kidogo. Ukizidisha, unapoteza zaidi. Maiti inaweza kukugharimu alama chache tu. Kumwona Cthulhu mwenyewe, mmoja wa wenyeji hao wa kale, kunagharimu kati ya 1 na 10 ukifaulu, na kati ya 1 na 100 ukishindwa. Mhusika wa wastani anaweza kuimaliza akili yake yote kwa kutupa jicho mara moja.

Hesabu hiyo ina mtego. Kadiri mhusika anavyopata maarifa juu ya viumbe hao, ndivyo kiwango cha juu kabisa cha akili anachoweza kuwa nacho kinavyoshuka. Kitabu fulani cha kale kina njia ya kulizuia janga, na kukisoma ndiko kunakokuharibu. Mchezaji anakishika mkononi, anakihitaji, na hataki kukifungua. Kuna hili pia: ukipoteza alama 5 au zaidi kwa mpigo, unarusha dadu kupima werevu wako, na ukifaulu ndipo wazimu wa muda unakushika, kwa kuwa umeelewa ulichokiona. Mjinga anasalimika. Sijui mchezo mwingine unaomwadhibu mtu kwa kufaulu namna hiyo.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye upelelezi. Msimulizi mgeni huficha ushahidi muhimu nyuma ya dadu, wachezaji wote wanashindwa kuupata, na kisa kinakwama hapo huku watu wakitazama simu zao. Kenneth Hite aliliondoa tatizo hilo katika Trail of Cthulhu ya mwaka 2008, kwa kutumia mfumo uliobuniwa na Robin Laws: ukiwa mahali panapostahili na ukiwa na ujuzi unaohitajika, ushahidi unaupata bila kurusha chochote. Ukichagua mchezo wa Petersen, azima kanuni hiyo. Dadu ziamue ushahidi umepatikana kwa gharama gani, zisiamue kama umepatikana.

Jambo la pili la kuangalia ni jinsi wazimu unavyochezwa. Meza nyingi huugeuza kichekesho: mtu anapiga kelele, anazungumza na viatu. Wenye ndugu walio na maradhi ya akili hawacheki, na hofu nayo inapotea. Ni heri mhusika aanze kufanya kitu kimoja kidogo ambacho yeye anakiona cha busara na wenzake hawakielewi.

Afrika Mashariki imo katika mchezo huu, tena katika kisa chake maarufu kuliko vyote. Masks of Nyarlathotep, kilichoandikwa na Larry DiTillio pamoja na Lynn Willis na kuchapishwa mwaka 1984, kinaanzia New York Januari 1925. Wachunguzi wanafuata nyayo za msafara wa tajiri mmoja Mmarekani, msafara unaosemekana kuuawa wote nchini Kenya mwaka 1919. Nyayo hizo zinawapitisha London na Cairo, zinawafikisha Nairobi, kisha Shanghai. Ni kisa kirefu, cha miezi ya kucheza, hivyo hakiwafai watu wenye usiku mmoja. Lakini Mkenya au Mtanzania akikisoma lazima asimame kidogo. Katika maandishi ya mwanzo Kenya ni pori lenye dhehebu la damu, na anayeogopa ni mgeni. Lovecraft mwenyewe alikuwa na chuki ya rangi iliyo wazi katika hadithi na barua zake, na chuki hiyo ilipenya katika kazi za waliomfuata. Toleo jipya la mwaka 2018 lilijitahidi kurekebisha. Mchezo huohuo ukapata pia Harlem Unbound cha Chris Spivey, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2017, ambacho kinawaweka Wamarekani weusi wa Harlem, mtaa wa New York, katikati ya hadithi, na ubaguzi wa wakati wao ukiwa hatari inayozidi majitu.

Msimulizi wa huku anaweza kwenda mbali kuliko hapo bila kubuni mengi. Nairobi ya 1925 ilikuwa mji ambao mwanamume Mwafrika alitembea na kipande, hati ya lazima ya utambulisho, kikining’inia shingoni ndani ya kasha la chuma. Miaka mitatu nyuma, Machi 1922, polisi walikuwa wamewapiga risasi watu waliokusanyika kudai Harry Thuku, mwanasiasa aliyepinga kipande, aachiwe. Wafanye wachunguzi wako karani wa reli, mpishi wa nyumba ya mzungu, mwalimu wa misheni na dereva. Wote wanajua nini kinatokea ndani ya ile nyumba ya mlimani, na hakuna ofisa hata mmoja atakayewasikiliza. Bado hujaleta jitu lolote, na wachezaji wameshabanwa.

Mnara na mishumaa

Call of Cthulhu inataka mtu asome kitabu. Dread haitaki. Ni mchezo wa Epidiah Ravachol, ulitoka mwaka 2005, na hauna dadu hata moja. Katikati ya meza unasimama mnara wa Jenga, vipande 54 vya mbao. Mhusika akijaribu jambo gumu, mchezaji anachomoa kipande kutoka chini na kukiweka juu. Mnara ukisimama, amefaulu. Ukianguka mikononi mwake, mhusika wake ametoka katika kisa: amekufa, amepotea, amekimbia asionekane tena. Unaweza kukataa kuchomoa, lakini basi umekubali kushindwa jambo hilo.

(Mchezo wa Jenga wenyewe ulitengenezwa na Leslie Scott, mzaliwa wa Tanganyika aliyekulia Afrika, akauzindua London mwaka 1983. Vipande vya awali familia yake ilivipata Takoradi, Ghana. Kwa hiyo usishangae jina.)

Ubora wa Dread ni kwamba hofu yake si ya kuigiza. Mkono unatetemeka kweli, wenzako wanaacha kupumua kweli, na yule mwenye utani ananyamaza bila kuambiwa, maana akicheka meza itatikisika. Tena mnara unapandisha hofu wenyewe kwa mpangilio ambao msimulizi wa kawaida hawezi kuufikia: saa ya kwanza ni rahisi, saa ya pili watu wanatafuta kipande kilicholegea, saa ya tatu hakuna anayetaka kugusa. Mtu anaweza pia kuuangusha kwa makusudi. Mhusika wake anakufa, lakini jambo alilokuwa akilifanya linafaulu. Nafasi hiyo ya kujitoa mhanga huleta matukio ambayo watu huyazungumzia mwaka mzima.

Wahusika wa Dread hawana namba. Kila mchezaji hupewa karatasi ya maswali yaliyoandikwa kwa hila, na majibu yake ndiyo mhusika. Huulizi “Wewe ni jasiri?” Unauliza “Kwa nini hukwenda kumzika kaka yako?” au “Nani kati ya mliosafiri nao anajua ulichomfanyia yule mtoto?” Mchezaji akijibu, amekukabidhi silaha. Sehemu hii isifanywe kwa haraka. Meza iliyotumia nusu saa kujibu maswali mazuri hucheza vizuri hata kama kisa chenyewe ni chepesi.

Kasoro yake ni moja tu: mnara ukianguka mapema, kuna mtu atakaa saa mbili akitazama. Mpe kazi. Awe sauti ya redioni, awe jirani, au akusaidie kuendesha lile linalowawinda wenzake.

Ten Candles, mchezo wa Stephen Dewey wa mwaka 2015, unachukua njia ya kinyume kabisa. Kila mtu anajua tangu mwanzo kwamba wahusika wote watakufa. Mbingu zilitiwa giza siku kumi zilizopita, vitu fulani vimekuja, na hawa ni watu wa mwisho walio hai. Mnawasha mishumaa kumi midogo, mnazima taa, na mnarusha dadu za kawaida za pande sita, zilezile za ludo, kwa idadi ya mishumaa inayowaka. Ikitoka sita hata moja, umefaulu. Zikitoka moja, dadu hizo zinawekwa kando hadi onyesho lijalo. Ukishindwa, mshumaa mmoja unazimwa na onyesho linakwisha.

Piga hesabu uone. Kwa dadu 10, nafasi ya kupata sita ni kama asilimia 84. Kwa dadu 5 ni asilimia 60. Kwa dadu 3 ni 42, na kwa dadu moja ni 17. Wakati huohuo, idadi ya dadu za msimulizi inaongezeka kwa kila mshumaa uliozimika, na kwa dadu hizo ananyang’anya haki ya kusimulia kilichotokea. Wachezaji wanaanza wakiwa na usemi juu ya hadithi yao, na wanaishia wakisimuliwa. Kila onyesho likifungwa, mnatamka kwa zamu mambo mapya yaliyo kweli katika dunia hiyo, na la mwisho mnalisema wote kwa pamoja: nasi tungali hai. Mshumaa ukizimwa na upepo au chafya, umezimika, hauwashwi tena.

Kabla ya kuanza, kila mchezaji hurekodi ujumbe mfupi kwa sauti ya mhusika wake, kama salamu kwa yeyote atakayeupata. Mishumaa ikiisha yote, mnakaa gizani na kuusikiliza. Sijaona kanuni yoyote ya mchezo inayofanya kazi kubwa hivyo kwa kitu kidogo hivyo. Wengine hulia, na huo si mzaha.

Tahadhari moja ya kawaida kabisa: mchezo huu unataka wachezaji wachome kadi zilizoandikwa sifa na udhaifu wa wahusika. Tafuta sufuria pana, weka maji karibu, ondoa mapazia. Na kama unaishi na mzazi au mpangaji mwenzako, mweleze mapema, kwa sababu mtu akifungua mlango akute mishumaa kumi na vijana wanachoma karatasi gizani, maelezo hayatatosha. Marekani ya miaka ya 1980 ilipitia hofu ya namna hiyo nchi nzima. Mwaka 1983 Patricia Pulling alianzisha kundi la kupinga Dungeons & Dragons kwa madai kwamba mchezo huo unafundisha uchawi na ibada za shetani, na makanisa mengi yakaamini.

Kuna mingine ninayoipita haraka. Mchezo wa Alien, uliotolewa mwaka 2019 na kampuni ya Free League ya Sweden, una dadu za presha: kadiri mhusika anavyosukumwa, anapata dadu nyingi zaidi na kufanya kazi vizuri zaidi, hadi moja ya hizo itoe namba mbaya na kiwewe kimshike. Ni mzuri sana kwa walioipenda filamu ya jina hilohilo ya mwaka 1979. Mothership unafanana nao kidogo na vitabu vyake ni vyembamba. Vampire: The Masquerade wa mwaka 1991 unakufanya wewe mwenyewe kuwa mnyonya damu, lakini unahitaji miezi, siyo usiku mmoja.

Kabla ya kuzima taa

Kutishana kwa raha kunahitaji makubaliano. Kanuni inayotumika sana ni ya John Stavropoulos, ya mwaka 2013: kadi yenye alama ya X inawekwa mezani, na yeyote akiigusa, jambo linalosimuliwa linaachwa palepale bila kuulizwa kwa nini. Ya Ron Edwards ni ya zamani zaidi, nayo inatenganisha mambo mawili: yale ambayo hayataingia katika kisa kabisa, na yale yanayoweza kutokea lakini nyuma ya pazia, bila kuelezwa.

Kwetu mazungumzo hayo yana uzito wa ziada. Kwa mchezaji wa Boston, mchawi ni kitu cha vitabuni. Mezani kwako Mwanza au Kilifi anaweza kuwapo mtu ambaye bibi yake alifukuzwa kijijini kwa kuitwa mchawi. Wapo pia wanaosadiki majini bila mzaha, na waliokuwa watoto Unguja na Pemba mwaka 1995, wakati hofu ya popobawa, jini linalosemekana kuwashambulia watu usiku, ilipowafanya watu walale nje kwa makundi. Kisa kinachotumia hofu za nyumbani kina nguvu kuliko chochote kutoka ng’ambo, na kwa sababu hiyohiyo usikilete kwa kushtukiza. Uliza kila mtu faraghani, kwa ujumbe wa simu, siku chache kabla. Mbele ya kundi wengi watasema hawaogopi kitu.

Kwa usiku wa kwanza kabisa ningechagua Dread: watu wanne au watano, saa tatu au nne, mnara mmoja, na kisa cha mahali padogo pasipotokeka kama kivuko kilichozimika injini au hosteli wakati wa likizo. Kama mnapenda upelelezi, Chaosium inatoa bure kijitabu cha kuanzia Call of Cthulhu chenye kanuni fupi na kisa cha nyumba ya Boston, The Haunting, ambacho kimekuwa sehemu ya mchezo huo tangu toleo la 1981 na kinamalizika kwa kikao kimoja. Dadu za pande kumi zikikosekana madukani, programu ya simu inatosha. Ten Candles uwaandalie watu mliozoeana, na kusiwe na mgeni wa kukaa pembeni akitazama.

Mle kabla, si katikati. Simu zikusanywe, isipokuwa ile ya kurekodia. Anzeni saa mbili, maana Halloween ni tarehe 31 Oktoba hata ikiangukia katikati ya wiki, na watu wana kazi kesho yake. Mkimaliza washeni taa zote na msiagane papo hapo. Kaeni robo saa mkizungumzia nani alimsaliti nani.